Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za muziki: naomba saa moja ya kusikilizwa

Kwa wakuu wa idara na vitivo vya muziki katika vyuo vikuu vyetu, na kwa wote mnaokaa vikao vya mitaala na bajeti.

Shikamooni.

Naandika nikiwa Bagamoyo, nyumbani kwetu Dunda, Jumamosi jioni. Midomo bado imechoka. Asubuhi nilikuwa Magomeni ya hapa hapa Bagamoyo kwa mwalimu wangu wa fluti, kama ninavyofanya kila Jumamosi tangu muhula wa pili wa mwaka wa pili. Kesho nitapanda basi la Makumbusho kurudi Dar es Salaam, ambako nasomea shahada ya muziki, mwaka wa tatu sasa. Kwenye karatasi za chuo imeandikwa kwamba chombo changu kikuu ni fluti. Kwenye karatasi hizo hizo, mtu aliyenifundisha kuipiga hayupo.

Naomba kila mwanafunzi anayesomea chombo cha muziki apewe na chuo, ndani ya mtaala wala si pembeni yake, saa moja kwa wiki ya kusikilizwa peke yake na mwalimu anayekijua chombo hicho. Nimeshaliomba hili kwa mdomo, nikaliomba kwa barua niliyoipitisha kwa mwakilishi wa darasa. Leo naliomba hadharani kwa sababu si langu peke yangu. Mwakani nitakuwa nimehitimu, na wapo watakaokabidhiwa fluti kama nilivyokabidhiwa mimi.

Fluti ninayoisema ni ile ya chuma, yenye funguo, inayoshikwa kwa ubavu. Nyumbani huiita filimbi na sina ugomvi na jina hilo, ila hapa nitasema fluti isije ikachanganywa na filimbi ya mwamuzi wala na nai ya taarabu.

Mwaka wa kwanza tulikuwa 19 katika somo la vitendo la vyombo vya kupuliza. Kulikuwa na fluti nne, tarumbeta tatu, klarineti mbili, moja ikiwa haina kipande cha mdomoni, na saksafoni moja ambayo kila mtu aliitaka. Saa mbili kwa wiki, chumba kimoja, mhadhiri mmoja. Yeye mwenyewe ni mpiga kinanda hodari, na hakuwahi kutudanganya kwamba anajua fluti. Simlaumu, maana alibebeshwa masomo manne muhula huo, na kila alichokuwa nacho alitupa. Alitugawia michoro ya vidole, akatuelekeza video za kwenye intaneti, akatuambia tufanye mazoezi. Tukafanya. Fluti moja tuliitumia watu watatu, tukiifuta kwa spiriti kabla ya kupokezana. Mwisho wa muhula nilipiga skeli ya C na wimbo mfupi, nikapewa B+. Vidole vyangu vilikuwa mahali pake. Sauti ilikuwa kama upepo unaopita chini ya mlango, lakini fluti nne zikipigwa pamoja hakuna awezaye kusema upepo ule ni wa nani.

B+ ile wazee wetu wangeiita kilemba cha ukoka. Nilivikwa, na nikaamini kwamba ni kilemba.

Hapa naomba mnivumilie nieleze jinsi fluti inavyotoa sauti, kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapo. Klarineti ina tete. Zumari yetu ya pwani ina tete. Ukipuliza, tete ndiyo inayotetemeka, na ikiwa mbovu utaibadilisha. Fluti haina kitu. Kuna tundu tu kwenye kichwa chake. Mdomo wa chini unafunika karibu theluthi ya tundu hilo, hewa inatoka nyembamba, inagonga ukingo wa upande wa pili, inayumba mara ndani mara nje, na mtikisiko huo ndio unaoiamsha hewa iliyolala ndani ya bomba. Kwa hiyo tete ya fluti ni midomo ya mtu mwenyewe, na hiyo haibadilishwi.

Kisha kuna jambo ambalo michoro ya vidole haiwezi kulisema. E ya chini na E ya oktava inayofuata, yaani nota ile ile lakini ya sauti ya juu zaidi, hushikwa kwa vidole vile vile. F ni vivyo hivyo, G vivyo hivyo. Anayepiga ya chini na anayepiga ya juu, ukiwaangalia mikono, wanafanya kitu kimoja. Kinachotofautiana ni upana wa mwanya kati ya midomo, kasi ya hewa, na pembe ambayo hewa inaingilia tundu. Ni mambo ya milimita, na mengine yako ndani ya kinywa ambako kamera haifiki. Video inaweza kukuonyesha midomo ya mtu mwingine. Haiwezi kukuambia yako inafanya nini.

Mwalimu wangu nilimpata arusini. Jamaa yetu alikuwa anaozesha, matarumbeta yakaja, mtaa mzima ukatoka nje, na mjomba akanionyesha mzee mmoja aliyekaa chini ya mwarobaini akisikiliza kwa makini kuliko wote. "Yule alikuwa mpiga fluti wa bendi," akaniambia. Nilingoja arusi iishe siku tatu, nikaenda kwake na fluti ya kuazima ndani ya kanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti. Itoe tuione."

Tulikaa barazani. Aliniambia nipige sauti moja, yoyote niitakayo, mpaka pumzi iishe. Nikapiga G. Akanyamaza. Nikapiga tena. Akasogeza kigoda chake mpaka tukawa uso kwa uso, akaniambia nifumbe macho nirudie mara ya tatu.

"Hewa yako inatoka njia mbili," akasema. "Nani alikuambia upulize katikati?"

Nilimwambia ni video. Aliingia ndani, akatoka na kioo kidogo cha kunyolea, akaniambia nijitazame. Katikati ya mdomo wangu wa juu kuna kitone, kijinundu kidogo cha nyama kinachoning'inia. Ninacho tangu kuzaliwa, na miaka ishirini sikuwahi kukifikiria. Kumbe hewa ikitoka katikati inakikuta, inapasuka mapande mawili, na nusu yake inapotea kabla ya kulifikia tundu. Mwalimu alisema watu wenye kitone cha namna hiyo ni wengi, na dawa yake ni kuuhamisha mwanya upande mmoja, kushoto kidogo, na kuacha kabisa habari ya katikati. Aliifungua fluti, mwili akauweka mkekani, akanipa kichwa peke yake. Alichana kipande cha karatasi kama kucha, akaniambia nikishikilie ukutani kwa pumzi tu, kisianguke. Kikaanguka. Nikarudia. Tulikaa na kichwa na karatasi karibu nusu saa, bila kupiga nota hata moja. Aliporudisha mwili wa fluti na kuniambia nipige G ile ile, ilitoka sauti ambayo jirani aliyekuwa anakuna nazi uani aliinua uso akatutazama.

Mwaka mzima na nusu nilikuwa nafanya mazoezi ya kosa. Kila siku saa mbili, kwa bidii, nikilikomaza. Mzee yule alilisikia kwa pumzi tatu.

Siku hiyo hiyo aligundua jingine, na hili linawahusu ninyi moja kwa moja kwa sababu ni mali ya chuo. Ndani ya kichwa cha fluti, mwishoni, kuna kizibo. Kinatakiwa kikae milimita 17 kutoka katikati ya tundu la kupulizia. Kijiti cha kusafishia fluti huwa na alama ya kupimia umbali huo. Kijiti tulikuwa nacho, na sote watatu tulidhani alama ile ni mchoro tu wa kiwandani. Kizibo chetu kilikuwa kimesogea sana. Oktava zilikuwa hazikubaliani, na sisi tulikuwa tunalaumiana masikio. Kukirekebisha hakukuchukua hata dakika moja.

Tangu hapo nimejifunza mambo ambayo sijayaona kwenye silabasi yetu yoyote. Kwamba pedi ndogo zilizo chini ya funguo hunyonya unyevu wa bahari, zikavimba au zikanata, na kwamba kipande cha karatasi ya kuvingirishia tumbaku kikibanwa hapo kidogo hukausha. Kwamba sauti hupanda joto likipanda, hivyo saa saba mchana Bagamoyo unavuta kichwa nje milimita chache, na jioni upepo wa kusi ukiingia unakirudisha. Kwamba fluti haiachwi dirishani. Kwamba pumzi inapangwa kabla ya kifungu kuanza, kama mtu anayevuka mto na kuangalia kwanza mawe yako wapi. Hakuna nililofundishwa kati ya hayo kama somo lenye kichwa cha habari. Kila moja lilikuja siku kosa langu lilipolidai.

Ninajua neno litakalosemwa kikaoni. Litasemwa kwamba mwanafunzi mmoja kwa mwalimu mmoja ni anasa ya Ulaya na Marekani, sisi tuna madarasa makubwa na lazima tufundishe kwa wingi. Kweli, huko ndiko ulivyo utaratibu. Katika shule za muziki za vyuo vya Marekani mwanafunzi husajili somo lake la chombo kama anavyosajili kozi nyingine yoyote, hukutana na mwalimu wake kila wiki peke yake, huhesabiwa krediti, na mwisho wa muhula hupiga mbele ya jopo la walimu. Lakini nakataa kwamba jambo hili ni geni kwetu. Nakataa kwa sababu nililiishi kabla sijajua fluti ni nini.

Kwetu pwani neno chuo halikuanza na chuo kikuu. Chuo ni pale nilipopelekwa nikiwa na miaka mitano, na juzuu mkononi na mtandio mrefu kuliko mimi. Tulikuwa watoto 40 barazani kwa maalimu, kila mmoja na sura yake, kila mmoja akisoma kwa sauti. Mpita njia angedhani ni fujo. Lakini kila mtoto alikuwa na zamu yake. Ukiitwa, unakwenda mbele, unakaa, unasoma, na kelele zote za nyuma yako maalimu anaziacha, anakusikiliza wewe. Ukitamka qaf ikatoka kama kaf, anakurudisha. Ain ikitoka kama a ya kawaida, anakurudisha. Tofauti ya herufi hizo iko kooni, haionekani kwa macho, hakuna mchoro utakaokusaidia. Inasikika tu, na inasikika na aliyezoea kuisikia. Hupandi sura mpaka umesikilizwa. Watoto wengi kiasi hicho, mwalimu mmoja, senti zetu za Alhamisi, na bado kila mtoto alipata dakika zake.

Na si chuoni tu. Fundi wa jahazi hapa ufukweni hafundishi wanagenzi kwa ubao. Anamwekea mmoja patasi mkononi na kuushika mkono huo. Fundi cherehani ni vivyo hivyo. Mama yangu ni mshonaji na alifunzwa hivyo, na alipohitimu alimpelekea fundi wake kilemba, kile cha haki, ambacho ni shukrani ya mtu aliyefunzwa mpaka akajua. Wapigaji wa zumari wa mwambao huu, wanaoweza kupuliza bila sauti kukatika huku wakivuta hewa kwa pua, hawakujifunza hilo kwa mkupuo wa watu 19. Sisi tunajua kufundisha mmoja mmoja. Tulipojenga idara za muziki za vyuo vikuu tuliuacha ujuzi huo mlangoni.

Sasa nizungumzie fedha, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la muziki na kuwa la haki.

Mwalimu wangu nampa shilingi 10,000 kwa somo. Hakutaja yeye bei hiyo, niliitaja mimi, na kuna Jumamosi ananirudishia nusu. Muhula una wiki 15, basi ni 150,000 kabla ya nauli. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa mwanafunzi, ni la kula na kuchapisha kazi za darasani, halikupangiwa mwalimu wa fluti. Fedha yangu inatoka kwenye cherehani ya mama. Kila nikiboresha sauti yangu najua idadi ya magauni yaliyoilipia.

Tulikuwa watatu kwenye ile fluti moja. Mmoja kaka yake yuko nje ya nchi na humtumia fedha; naye amepata mwalimu mjini na anaendelea vizuri. Wa tatu ametoka Handeni, na kati yetu ndiye aliyekuwa na sikio. Ukimpigia nota tatu pamoja kwenye kinanda alikutajia zote bila kutazama. Hakuwa na wa kumlipia. Mwaka wa pili alikaa na makosa yake mwenyewe mpaka akachoka nayo, akaenda ofisini, akabadilisha akahamia nadharia. Chuo kiliandika kwamba amebadilisha kwa hiari. Nimemuuliza kama naweza kumwandika hapa, akakubali kwa sharti nisimtaje jina.

Waheshimiwa, masomo ya peke yake tayari yapo. Yanafanyika kila wiki kwenye baraza, kwenye vyumba vya nyuma vya makanisa, kwenye ofisi za walimu baada ya saa za kazi. Mitihani yenu ya vitendo inafaulishwa na masomo hayo. Ila analipa mwanafunzi, na asiyeweza kulipa anapotea kimya kimya, na jina lake linabaki kwenye takwimu za waliochagua njia nyingine. Ninachowaomba ni mlichukue jambo lililo barabarani mliingize ndani ya nyumba.

Nilipopeleka ombi langu nilijibiwa mambo matatu, na kila aliyenijibu alinijibu kwa heshima.

La kwanza ni kwamba hakuna bajeti. Mwaka wangu wanafunzi wa vyombo vya kupuliza waliobaki ni 12. Mkimlipa mwalimu shilingi 20,000 kwa saa, maradufu ya ninayompa mimi, kwa wiki 15 ni 3,600,000 kwa muhula kwa darasa zima. Sisemi ni fedha ndogo. Nasema ni fedha inayoweza kuandikwa kwenye karatasi na kujadiliwa, na mpaka leo haijaandikwa. Na kama saa nzima ni nzito, anzeni na nusu saa. Mimi nusu saa ya kwanza ndiyo iliyonigeuza.

La pili ni shahada. Niliambiwa mwalimu wa chuo kikuu lazima awe na shahada ya juu kuliko anayemfundisha, na mzee wangu ana vyeti vya bendi tu. Naielewa kanuni hiyo na ina sababu yake kwa atakayetunga mtihani wa historia ya muziki. Lakini tuko Bagamoyo. Huu ni mji ambao tangu 1981 una chuo cha sanaa, TaSUBa ya leo, na mmoja wa watu waliofundisha hapo ni hayati Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba, chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki 2003. Hakuingia kufundisha kwa ajili ya shahada. Aliingia kwa mikono yake na koo lake. Na hata fluti yenyewe ina kisa cha namna hiyo. Muundo tunaoupiga leo, wenye bomba lililonyooka na funguo zake, ulikamilishwa 1847 na Theobald Boehm wa Munich, Ujerumani, ambaye alikulia katika ufundi wa dhahabu. Aliyemfundisha kupiga ni Johann Nepomuk Capeller, mpiga fluti wa okestra ya kifalme ya mji huo. Mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja, na nje ya saa hizo kijana yuko kwenye karakana ya babake. Kama kanuni inakataza mzee wangu aitwe mhadhiri, basi asiitwe. Mwiteni mkufunzi wa vitendo, mkataba wa muhula kwa muhula, alama za mwisho zitiwe saini na mhadhiri aliye na shahada baada ya jopo kusikiliza. Cheo si kitu alichowahi kukiulizia.

La tatu lilisemwa kwa sauti ya chini, na nalichukulia kwa uzito kuliko mawili ya kwanza. Niliulizwa na mama mmoja wa ofisini: binti peke yake na mwalimu chumbani, mnafikiria hatari yake? Nafikiria, mama. Hakuna msichana chuoni asiyeifikiria. Ndiyo maana naona hatari iko zaidi katika hali ya sasa, ambapo kila mmoja anajitafutia mwalimu wake, mahali popote, saa yoyote, wala hakuna anayejua yuko wapi. Somo likiwa la chuo litakuwa na ratiba ubaoni, chumba chenye mlango wa kioo, na mahali pa kulalamika. Mimi nasoma barazani, mke wa mwalimu akiwa ndani ya macho yetu na mtaa mzima ukipita. Wengine hawana bahati ya baraza hiyo.

Kuna kitu kimoja zaidi, kinaniuma na sijui nikiweke wapi, basi nikiweke hapa. Mwalimu ana pikolo ya zamani, ile fluti ndogo inayopiga oktava juu ya yetu, na mwili wake ni wa mti mweusi. Nilipoishika mara ya kwanza nilishangaa uzito. Alinicheka. "Huo mpingo," akasema, "huo ukiutia majini unazama." Mti wetu wa taifa, wa Kilwa na Lindi na kwingineko kusini, unaochukua miongo mingi kabla ya kufaa kukatwa, unasafirishwa vipande vipande Ulaya, huko unatobolewa kuwa klarineti, obo, pikolo na fluti za mbao zinazopigwa kwenye okestra kubwa. Ni mti wenye thamani kiasi kwamba tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imewekewa vibali. Nimekaa na pikolo ile mapajani nikawaza kwamba mti huu umesafiri, umefunzwa kuimba na mafundi, umerudi Magomeni ya Bagamoyo mikononi mwa mzee anayejua kuuimbisha, na chuo kikuu kilicho mwendo wa basi moja hakina hata njia ya kumwandika kwenye orodha yake ya malipo.

Ninayoyaomba, basi, niyaseme wazi ili yasipotee katika maelezo. Somo la chombo liwe na namba yake ya kozi na krediti zake, lifundishwe mmoja mmoja kila wiki. Kila idara iandikishe wapigaji waliostaafu kwenye bendi, wa makanisani, wa taarabu, wa hapa Bagamoyo na wa kwingine, iwasikilize kwanza, kisha iwape mikataba. Fluti za chuo zipimwe kabla ya muhula na mtu anayejua kizibo kinakaa wapi, na kila mwanafunzi aazimwe yake kwa maandishi badala ya watatu kupokezana mate. Mtihani wa vitendo upigwe mmoja mmoja mbele ya jopo, na walau mmoja wa jopo awe anapiga chombo hicho. Na yule mwenzetu wa Handeni, kama kanuni zinaruhusu, aulizwe tena kama bado anataka fluti. Mimi nimemuuliza. Anataka.

Mwalimu wangu ana miaka 71. Macho yanamsumbua, nota hazisomi tena vizuri, huniambia nimsomee kwa sauti jina la kila nota naye anazifuata kwa kichwa. Masikio bado ni yale yale. Tunaanza saa tatu asubuhi kila Jumamosi, na nimemwomba ruhusa ya kuwakaribisha. Amesema njooni, msikilize, mkitaka mumpe na yeye mtihani. Atakayekuja anijulishe siku moja kabla kupitia ofisi ya idara, maana mke wa mwalimu hupenda kujua idadi ya wageni kabla hajabandika chai.

Wasalaamu,

Mwanafunzi wenu wa mwaka wa tatu, fluti
Dunda, Bagamoyo